Mwambie Mukwe Wangu

Baba yangu hajawahi kuniita kwa jina langu. Mimi ni Ngalula. Ni jina la mama ya mama yangu, na kwetu mwanaume hatamki jina la mama mukwe wake, hata kama jina lenyewe liko juu ya mtoto aliyemzaa yeye. Basi tangu nilipozaliwa ananiita Mukwe. "Mukwe, leta maji." "Mukwe, uko wapi, moto unazimika." Pale Dilala, mtaa wetu wa Kolwezi, watoto wa jirani walinicheka sana kwa neno hilo.

"Ngalula," walisema, "we ulimupatia tata yako muke gani, mpaka anakuita mukwe?"

Nikaenda kumuuliza baba. Alikuwa anakula.

"Mama yako," akasema, na akaendelea kula.

Hajawahi kunipiga pia. Mtu hapigi mukwe. Siku nilipovunja sahani ya maua, ile ya wageni, alitoka nje akaupiga ukuta teke, halafu akarudi akichechemea na kuniambia kwa heshima niokote vipande.

Mwenye jina, yule mkubwa, nilimuita Kaku. Bakasai, watu wa Kasai, njo hivyo wanavyoita nkambo, ni kusema bibi. Alikaa mtaa wa Manika kwa mjomba wangu Kabasele, na siku ya Mungu, baada ya misa, alikuja kututembelea Dilala katika nyumba zile za zamani za kampuni ya shaba. Lakini kuja kwake kulikuwa na mpango. Alipita nyuma ya nyumba, akakaa karibu na jiko letu la nje, kikwembe chake cha kitenge juu ya kichwa, uso ukiangalia ukuta. Baba alikaa mbele, kwenye ngazi ya mlango, mgongo ukiwa upande wa Kaku. Mama yangu Mushiya alipika. Mimi nilikuwa barabara yao.

"Ngalula," Kaku alisema, "mwambie mukwe wangu, nimesikia kikohozi yake haijaisha."

Nilipita ndani ya nyumba mpaka mbele. "Tata, Kaku anasema kikohozi yako haijaisha."

"Nimesikia. Mwambie mukwe wangu, ni moshi ya kazi."

Nilirudi nyuma. "Kaku, anasema ni moshi ya..."

"Nimesikia, mi siko kiziwi. Mwambie achemshe majani ya limau."

Nyumba yetu ilikuwa ndogo, sauti zilipita dirishani bila shida. Wote wawili walisikiana vizuri kabisa. Lakini neno ambalo halijapita katika mdomo wangu lilikuwa bado halijasemwa. Baba hakulijibu, na Kaku hakulidai. Siku nyingine nilichoka, nikasimama katikati ya nyumba bila kusema kitu, na huku na huku wakaningojea, kimya, kama watu wanaongojea mlango ufunguliwe.

Mama alipokufa, ndugu za baba walimwambia bukwe, ule ukwe na Kaku, umekwisha, aoe mwingine, yule bibi mzee hana tena maneno naye. Baba alininyooshea kidole. "Bukwe utaisha namna gani," akasema, "na ule iko hapa?" Akaendelea kukaa mbele ya nyumba siku ya Mungu, na Kaku akaendelea kupita nyuma.

Halafu ikaja miaka ile mibaya. Kazi ilikuwa inakufa. Mishahara haikuja, na baba alikaa chini ya kivuli cha jiko akitengeneza mbabula za kupikia kwa vipande vya mabati, akaziuza. Mdomoni mwa watu kukaingia neno moja: Bakasai waende kwao. Mimi nilijaribu kulielewa neno hilo, sikuweza. Kwao ni wapi? Kaku aliletwa Kolwezi kwa treni akiwa bibi harusi, kifua hakijajaa bado, wakati bwana yake Tshilombo alipochukuliwa kwa kazi ya shaba. Mjomba Kabasele na mama yangu walizaliwa hapa. Tshilombo amezikwa hapa. Vijana barabarani walianza kuwaita Bakasai bilulu, ni kusema wadudu, na wengine wao nilikuwa nimesoma nao mpaka la sita, tulikopeshana kalamu.

Kwenye bomba la maji mwanamke mmoja akaniuliza, "We Ngalula, na weye? Uko upande gani?"

"Tata yangu ni muntu ya kaskazini, ya Katanga," nikasema.

"Na jina?"

Nilijaza ndoo mpaka ikamwagika.

Jirani yetu Mwenze, aliyefanya kazi na baba tangu ujana wao, akaja kuzungumza naye. Mwenze ni mtu wa mzaha, lakini siku hiyo alikuja ameshika kofia mkononi.

"Kisimba, ubadilishe mutoto jina. Muite Stéphanie. Muite hata Rachelle. Hii Ngalula itakuletea moto ku nyumba."

"Mi simuite Ngalula."

"Njo maneno minasema. Jina yenyewe hata hauitumie. Itakuuma nini?"

Baba akapiga bati nyundo kidogo. "Mwenze, weye unaweza kubadilisha mama mukwe yako jina?"

Mwenze akafikiri. Alikuwa naye mama mukwe, yuko mzima, na mkali. Akavaa kofia yake, akaenda.

Asubuhi moja tukasikia kwamba Manika nyumba za Bakasai zinavunjwa. Baba alinikataza kutoka. Jua lilipokuwa juu, habari ikaja yenyewe kwa mtu wa baiskeli: nyumba ya Kabasele haina tena bati hata moja, lakini wao wako wazima, wameenda gare, kule treni inaposimama. Watu wote wa Kasai walikuwa wanaenda gare.

Barabara zilipotulia baba aliniacha niende, na nilipofika huko nilifikiri nimepotea njia. Mahali penye reli na nyasi palikuwa pamekuwa kijiji, lakini kijiji cha watu waliovaa viatu vya kazini na makoti ya misa. Mashuka yalikuwa kuta. Makabati yalisimama kwenye majani, na vioo vyake vilionyesha mawingu. Nilitembea nikiita "Kaku, Kaku," na wanawake wazee wengi wakageuka, maana kila mmoja ni kaku wa mtu.

Alikuwa ameketi juu ya mkeka, ameegemea mashine ya kushona ya Ernestine, muke wa mjomba. Alinitazama vizuri, akatabasamu.

"Mushiya hakukuya?"

Nilifikiri sikusikia. Mama yangu alikuwa amekufa tangu zamani, na Kaku ndiye aliyemuosha.

"Kaku, mama alikufa."

Alilia kama mtu aliyeambiwa kwa mara ya kwanza. Ernestine akanivuta pembeni. "Tangu bile bintu bya Manika, kichwa yake inaenda na kurudi," akasema. "Sasa utamuambia kila siku, afiwe kila siku?"

Kesho yake Kaku akauliza tena, na mimi nikamwambia, "Ameenda sokoni."

"Ahaa. Alete samaki ya ndakala."

"Leo umemuambia soko," Ernestine akasema. "Kesho utamuambia nini?"

"Soko tena."

Ernestine akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumuona akicheka tangu wafike pale. Mimi sikujua kama nilichofanya ni uongo au ni kumsaidia. Siku nyingine Kaku alikuwa na akili zake zote, akaniuliza habari za kikohozi cha baba, akajua siku, akajua kwamba mama hayuko. Siku nyingine alitaka kwenda kuangalia mahindi yake, yaliyo katika shamba ambalo hata mjomba hakulijua. Nilikuwa nikifika namuangalia kwanza machoni kabla ya kuweka sahani chini, nijue leo ninaongea na nani.

Kila siku nilipeleka bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo, na kila siku baba alinifuata nyuma. Hakufika penye mkeka. Upande wa pili wa reli kulikuwa na behewa moja bovu, limeota kutu, na baba alisimama kwenye kivuli chake, mgongo ukiwa upande wetu, mikono nyuma, mpaka nimalize. Watu walifikiri ni mlinzi wa lile behewa.

Mjomba Kabasele aliniita kando. Alikuwa mtu wa ofisi, hata pale gare alifunga kifungo cha shingo.

"Ngalula, sikia. Treni inakaribia kuya. Wagon iko wazi, batu banasimama, jua ni yabo, mvua ni yabo. Ile treni ya kwanza, bazee balikufa mu njia, balibazika kando ya reli. Kaku hatafika. Uliza tata yako kama anaweza kumupokea."

Nilivuka reli. Baba alinisikia nikija, akajibu kabla sijafungua mdomo.

"Nyumba ni yake. Mi nitalala mu jikoni. Atapita mulango ya mbele, mi nitapita nyuma. Hatutaonana."

Nikarudi kwa Kaku. Siku hiyo alikuwa na akili zake. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akavuta kikwembe kichwani, kwa sababu tu ya kumfikiria.

"Kulala mu nyumba ya mukwe? Akuye asubui anione natoka kuoga? Nitaweka macho yangu wapi? Hapana, mama. Mwambie mukwe wangu aksanti sana. Mwambie minaenda."

"Unaenda wapi, Kaku?"

"Kwetu."

"Kwetu wapi?"

"Kule Tshilombo iko."

"Unaona," mjomba akasema, "anataka Kasai. Anataka kufa mu inchi ya bankambo."

"Tata Tshilombo iko ku makaburi ya hapa," Ernestine akasema. "Mama anataka abaki. Anasema Dilala, kule balikaa bakiwa bapya."

"Amesema kwetu."

"Na kwabo ni wapi, Kabasele? Muulize vizuri."

Walimuuliza vizuri. Kaku akawatazama mmoja mmoja, kisha akaniuliza mimi kama Mushiya amerudi kutoka sokoni. Mwishowe sikujua kama alisema hapana kwa akili au alisema kwetu bila akili, au kinyume chake. Nilipeleka kwa baba lile neno la aksanti. Lile la kwetu nilipeleka pia. Baba akauliza, "Kwetu wapi?" na mimi nikasema, "Sijue." Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeletewa maji kidogo kuliko kiu yake.

Lakini alipofika nyumbani alianza kuhamisha kitanda. Alikipeleka jikoni, kikaingia nusu, miguu ikabaki nje. Akaziba tundu la dari. Akaweka kamba kutoka mlango mpaka choo, Kaku aishike akitembea. Mwenze alisimama kwenye lupango, uwanja wa nyumba yetu, akimuangalia.

"Kisimba, nani alikufukuza mu nyumba yako?"

"Mukwe."

"Ule mudogo?"

"Ule mukubwa."

Mwenze akaacha kucheka. "Hatakuya," akasema. "Mama ya heshima hawezi kukuya. Na kama anakuya, bale bavijana bako pa barabara. Unajua."

"Minajua," baba akasema, na akakaza kamba.

Treni ilikuja mchana, bila mtu kuambiwa. Tulikuwa tumefika tu na sahani. Kwanza ilikuwa honi, halafu kijiji kizima kikasimama mara moja, mashuka yakaanguka, makabati yakaanguka, na kila mtu akakimbia na kitu kimoja. Mjomba alirusha watoto juu, mmoja mmoja. Ernestine akapanda akikumbatia mashine yake. Mjomba akapanda ili amvute Kaku, na mimi nikabaki chini nimemshika kiunoni. Alinyanyua mguu kama mtu anayepanda ngazi ya nyumba. Watu wakatusukuma. Aliketi chini pale kwenye mawe ya reli, polepole, kama anakaa tu, na hakuweza kusimama tena. Nilimvuta. Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiri.

"Mupandishe!" mjomba alikuwa anapiga kelele toka juu, mikono imening'inia. "Ngalula, mupandishe!"

Niliangalia ng'ambo ya reli. Baba alikuwa amegeuka. Nilikuwa sijawahi kuona uso wa baba ukielekea mahali Kaku alipo, na uso wenyewe niliuona mgeni, kama wa mtu ninayemjua kwa mgongo tu. Alivuka. Alifika mbele yetu, akatazama chini, akageuka, akachuchumaa na kumpa mgongo, kama mtu anavyombeba mtoto. Mikono yake aliiweka nyuma, viganja wazi.

Kaku aliutazama mgongo huo muda mrefu. Nilingoja aseme, "Mwambie mukwe wangu." Nilikuwa tayari kulipeleka neno lolote, ingawa hapakuwa na mahali pa kulipeleka, maana masikio ya baba yalikuwa pale pale, hata kunyoosha mkono hakukuhitajika.

"Tshilombo," Kaku akasema. "Umechelewa."

Akamzungushia mikono shingoni.

Baba aliniangalia. Macho yake yalikuwa yananiuliza kitu. Akasimama naye mgongoni. Mbele yake kulikuwa na behewa na mikono ya mjomba, nyuma yake kulikuwa na njia ya Dilala.

"Mukwe," akaniambia, "muulize..."

Akakatisha. Nilielewa kwa nini alikatisha. Tshilombo hana haja ya mtu wa kumpelekea maneno kwa muke wake. Basi baba, kwa mdomo wake mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu amuoe mama yangu, akamuuliza.

"Mama. Tunaenda wapi?"

"Kwetu," Kaku akasema. "Kila siku unauliza tu."

"Amesema kwetu!" mjomba akaita. "Umesikia, Kisimba. Mulete!"

Baba alisikia, hata mimi nilisikia. Neno lilikuwa moja. Mjomba alilisikia likielekea Kasai, na baba akageuka nalo upande wa Dilala, akaanza kutembea. Treni ikavuta. Mjomba aliita tena, sijui alisema nini, magurudumu yalifunika. Kisha furushi likaanguka karibu na miguu yangu: mkeka wa Kaku na vikwembe vyake, vimefungwa kwa kamba. Mpaka leo sijui kama alilitupa kwa hasira au ili Kaku asikose kitu cha kulalia. Nililiokota, nikakimbia nyuma yao.

Pale penye kuingia Dilala, vijana walikuwa wamelaza gogo barabarani. Walikaa juu yake wakila mihogo. Kwenye kiti, pembeni yao, alikaa Mwenze. Walikuwa wakimuweka hapo kwa sababu anajua watu wote wa kazini kwa majina.

"Muzee, iko nani ku mugongo?"

Baba akampandisha Kaku vizuri mgongoni. Alikuwa anahema.

"Tunauliza. Hii ni kilulu? Bilulu ni ku gare, muzee, umekosa njia."

"Jina yake nani?" mwingine akauliza.

Nilimtazama baba. Hilo ndilo jina ambalo hangeweza kulitamka hata kama angetaka, wala lile la kwangu. Na kusema "ni mama mukwe yangu" kulikuwa sawa na kusema "ni Mukasai", kwa sababu barabara nzima ilijua mama yangu alikuwa nani. Nikafikiri kusema mimi, lakini niseme nini? Ngalula? Kwa nani kati yetu?

Kaku akainua kichwa. "Nyinyi batoto," akasema, "mumuache bwana yangu apite. Anachoka."

"Bwana yako nani, mama?"

"Si huyu ananibeba."

Wakacheka mpaka mihogo ikawatoka. "Muzee! Ni muke yako huyu?"

Niwaeleze wasio wa huku. Kwetu, mtu akitaka damu imwagike, anamwambia mwenzake maneno kuhusu mama mukwe wake. Hayo hayafanyiwi mzaha hata pombeni. Baba yangu, ambaye hakuwahi kula mbele ya mwanamke huyu, hakuwahi kukanyaga kivuli chake, aliulizwa hayo barabarani, mchana, akiwa amembeba.

"Ndiyo," akasema. "Ni muke yangu."

"Huyu? Banamuke bavijana balikwisha mu Kolwezi?"

"Njo huyu nilipata."

Walicheka tena. Mmoja akamuuliza Mwenze, "Papa, we unamujua. Ni kweli?"

Mwenze alijua. Alikuwa amekula kwenye harusi ya baba. Alikuwa amebeba jeneza la Tshilombo. Alimtazama baba, na baba akatazama mbele, jasho linashuka mpaka kidevuni. Mwenze akainuka kwenye kiti. Aliinama akashika ncha ya gogo, akalisogeza mwenyewe, halafu akatoka barabarani kabisa, akaingia kwenye majani na kugeuza uso, jinsi mtu anavyompisha mama mukwe wake mwenyewe. Vijana walifikiri mzee amechoka na mchezo. Wakaturuhusu.

Nilipopita nikamuangalia Kaku. Alikuwa amejifunika kikwembe mpaka puani, na macho ameyafumba. Vumbi lilikuwa jingi. Labda ni vumbi.

Tangu siku hiyo mvua imerudi na kwisha na kurudi tena. Kaku anakaa katika nyumba, baba analala jikoni na miguu nje. Wale vijana walipita lupango letu mara moja, wakamkuta Kaku anamgombeza baba kwamba hajaleta makaa, wakaenda wakicheka. Sasa hawapiti tena. Watu waliotoka Kasai wanasema mjomba alifika, Ernestine anashona, na kwamba huko wanawaita wageni, wanawaita watu wa Katanga. Hilo pia sijalielewa vizuri.

Kaku anamuita baba Tshilombo. "Tshilombo, fungua dirisha." "Tshilombo, hii bukari ni kidogo." Anamuita kwa mdomo wake, moja kwa moja, na baba anaitika. Anafungua dirisha, anamshika mkono mpaka choo siku kamba haitoshi. Siku za kwanza alikuwa akitoka mle ndani anaenda kukaa peke yake nyuma ya jiko, anaosha mikono muda mrefu. Sasa anaosha kidogo. Lakini kila jioni, kabla ya kula, ananiuliza.

"Mukwe. Leo aliniita nani?"

"Tshilombo."

"Muzuri," anasema, na anakula.

Kwa sababu kama siku moja akili za Kaku zikirudi na kukaa, atamuona aliyemshika mkono ni nani. Baba amesema wazi: siku hiyo Kaku atatoka katika nyumba hii hata kwa magoti, na hana tena pa kwenda.

Wiki hii baba alileta samaki wa chumvi kutoka soko la Dilala, mkubwa, wa aina ambayo Kaku anaipenda. Nilimpikia na nyanya. Alikula wote, akalamba vidole, akakaa akiangalia ukuta. Baba alikuwa nje, mbele, kwenye ngazi ya mlango, anakunja bati. Kaku akavuta kikwembe polepole juu ya kichwa chake.

"Ngalula," akasema. Sauti ilikuwa ya siku ya Mungu, ile ya zamani, akiwa ameketi karibu na jiko na mama yangu anapika. "Mwambie mukwe wangu, ile samaki ilikuwa nzuri sana. Mwambie minaona yote anafanya. Aksanti."

Nilisimama katikati ya nyumba. Nje, nyundo ilikuwa imenyamaza. Dirisha lilikuwa wazi, Tshilombo mwenyewe alilifungua asubuhi. Kama baba alisikia, alikuwa bado hajaambiwa. Nilimtazama Kaku machoni, kama nilivyokuwa nikifanya kule gare, nijue ninaongea na nani. Alinitazama pia, akangoja. Sikuweza kujua ni Kaku gani, wala kama ni leo tu amerudi au alikuwapo tangu siku ile kwenye mawe ya reli, alipoutazama ule mgongo muda mrefu.

Nikaenda mbele.

"Tata, Kaku anasema samaki ilikuwa nzuri."

Baba hakugeuka. "Alisema ni nani aliileta?"

Ndani, Kaku hakukohoa, hakusogea.

"Tshilombo," nikasema.

Baba akapumua. Akainua nyundo, akaishika tu, hakupiga.

"Muzuri," akasema. "Mwambie..." Akatafuta neno, akaangalia bati lililo mkononi. "Hapana. Acha. Nitamuambia mi mwenyewe."